Barete za RAM za mwendo mkali: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa feza

Iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, mtu anayefanya montaji ya video, anayetengeneza muziki ao anayecheza michezo kwenye kompyuta ya mezani anafika siku moja mbele ya muuzaji na lalamiko moja: mashini inakawia. Muuzaji anamwonyesha barete mbili za RAM zenye bati jekundu na namba 3600 kwenye boksi. Bei iko juu kuliko zingine. Anatoa feza, anazichomeka, mashini inawaka, anafurahi. Mwaka unapita, naye hajajua kama barete zake zinatembea kwa 2133, ni kusema mwendo wa barete ya bei ndogo iliyokuwa pembeni mwa zile alizochagua.

Hakuna mtu aliyemwibia. Boksi halikudanganya, na barete si za bandia. Ni vile tu namba ya boksi ni mwendo ambao barete inaweza kufika kama mashini inakubali na kama mwenye mashini ameiomba. Bila mambo hayo mawili, ile feza ya kuongeza imekwenda bure.

Mwendo wa kuandikwa na mwendo wa kweli

RAM ni fasi ambako proseseri inaweka kazi ya sasa hivi: picha unayokata, wimbo unaochanganya, mchezo uliofunguliwa. Ukizima mashini, vyote vinatoka. Shirika la kimataifa linaloitwa JEDEC njo linapanga vipimo ambavyo viwanda vyote vinafuata. Kwa DDR4, vipimo vya JEDEC vinaishia 3200, kwa umeme wa volti 1.2. Kwa DDR5, kompyuta za kwanza za mezani, zilizotoka mwisho wa mwaka wa 2021, zilianzia 4800, kwa volti 1.1.

Kiwanda kinachouza barete ya DDR4 ya 3600 kimechukua chipu nzuri, kimezijaribu kwa mwendo mkubwa na volti zaidi, mara nyingi 1.35, kisha kimeandika majibu yake katika kachipu kadogo juu ya barete. Maandishi hayo yanaitwa profili. Intel iliipa jina la XMP tangu 2007, wakati wa DDR3. AMD ilileta yake, EXPO, mu 2022 pamoja na Ryzen 7000 na DDR5. Lakini mashini ikiwaka mara ya kwanza, haisomi profili hiyo. Inachukua kipimo cha usalama cha JEDEC: 2133, 2400 ao 2666 kwa DDR4 nyingi, 4800 ao 5600 kwa DDR5. Inaomba mtu aingie mu BIOS, kwa kubonyeza Delete ao F2 wakati mashini inaanza, atafute neno XMP, EXPO, ao DOCP kwenye karte mere zingine za AMD, aiwashe, kisha ahifadhi na kuanzisha upya.

Hiyo njo ovakloki ya kwanza na kwa watu wengi njo ya mwisho. Haiombi ufundi mkubwa. Ajabu ni kuwa wengi wamelipa na hawajawahi kuifanya.

Ukitaka kuhakikisha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja kwenye Windows, nenda kwenye ukurasa wa kumbukumbu, mwendo umeandikwa pale. Programu ya bure CPU-Z inaonyesha pia, lakini angalia: inaandika nusu. Barete ya 3600 itaonekana 1800, juu DDR inapeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa. Kuko watu ambao wamerudisha barete nzuri kwa muuzaji na kumwita mwizi juu ya hiyo nusu tu.

Kwanza mashini, kisha barete

Sehemu hii njo inayookoa feza nyingi. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa huku kwetu ni za okazyo, zimetoka maofisi ya Ulaya: HP, Dell, Lenovo, zenye Core i5 za miaka ya nyuma. Ni mashini nzuri na ngumu. Lakini BIOS yake karibu kila mara haina XMP ndani. Kiwanda kilizitengeneza kwa ajili ya sekretari na muhasibu, si kwa mtu wa kuharakisha kitu. Mashini yenye Core i5-6500, proseseri ya 2015, inatumia DDR4 kwa 2133. Weka humo barete ya 3600 ya bei kali, itatembea 2133. Weka ya 2400 ya okazyo, itatembea 2133 pia. Yenye Core i5-4570 haichukui hata DDR4, ni DDR3, na mwisho wake ni 1600.

Kwa mwenye mashini ya namna hiyo, jibu ni fupi: acha mwendo, nunua wingi. Kutoka giga 4 kwenda 8, ao 8 kwenda 16, atasikia tofauti siku ile ile. Kama bado anatumia disike ya kuzunguka, SSD itamsaidia kuliko RAM yoyote ya mwendo mkali.

Kwa mashini iliyounganishwa vipande kwa vipande, mambo yanategemea karte mere. Upande wa Intel, karte mere zenye herufi Z, kama Z390 ao Z690, zinaruhusu kupandisha mwendo wa RAM. Zile za H310, B360, H410 na B460 zinafunga RAM kwenye kipimo rasmi cha proseseri. Kuanzia B560, mu 2021, Intel ilifungua mlango kwa karte mere za katikati pia. Upande wa AMD, B350, B450, B550 na zile za X zinaruhusu, na hii njo sababu moja inayofanya vijana wengi wapende Ryzen.

Halafu kuko kosa la kizazi. Barete ya DDR4 haiingii fasi ya DDR5, kale kakato ka chini hakako pamoja. Lakini karte mere za Intel za LGA1700 zinatoka za namna mbili, zingine kwa DDR4, zingine kwa DDR5, na proseseri ni ile ile. Usinunue barete kwa kutaja proseseri peke yake. Fungua boksi la mashini, soma jina la karte mere lililoandikwa juu yake, piga picha, nenda na picha hiyo sokoni.

Kosa lingine linatoka kwa RAM za seva. Seva za zamani zinavunjwa Ulaya na Asia na barete zake zinauzwa kwa bei ya kuvutia: giga 32 kwa feza ya giga 16. Zinaingia vizuri mu fasi ya DDR4, lakini mashini ya kawaida haiwaki nazo. Soma etiketi. Ikiandikwa PC4-2400T-R, ile R njo ya seva. PC4-2400T-U ni ya mashini ya mezani. S ni ya laptop, nayo ni fupi, utaiona kwa macho.

Na ile namba ingine kubwa, kama PC4-25600? Ni 3200 mara 8, ni kusema megabaiti zinazoweza kupita kwa sekonde. Si mwendo mwingine.

Namba ndogo ina maneno yake

Wauzaji wanapenda namba kubwa. Pembeni yake kuko ndogo inayoandikwa CL: CL14, CL16, CL18. Inahesabu mapigo ambayo proseseri inangojea mbele ya RAM kuleta jibu la kwanza. Mwendo ukipanda na CL ikipanda pamoja nayo, kungojea kunabaki vilevile. Hesabu ni rahisi: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa mwendo. Unapata nanosekonde.

DDR4 3200 CL16 inatoa 10. DDR4 3600 CL18 inatoa 10 pia. DDR4 3600 CL16 inatoa karibu 8.9, na 3200 CL14 inatoa 8.75. DDR5 ya 6000 CL30 inarudi kwenye 10, na DDR5 ya 4800 CL40 inafika 16.7, ni kusema inangojea kuliko DDR4 ya zamani ijapokuwa namba yake kwenye boksi ni kubwa zaidi. Njia ya DDR5 ni pana, data nyingi inapita kwa mara moja, kwa hiyo haifai kuizarau. Lakini mtu anayeacha DDR4 nzuri ya 3600 CL16 kwa kukimbilia DDR5 ya bei ya chini kabisa asishangae kama haoni kitu.

Kwa Ryzen kuko jambo la kuongeza. Ndani ya proseseri hizo kuko barabara inayounganisha vipande vyake, nayo inapenda kutembea sawasawa na RAM. Kwa Ryzen 3000, zilizotoka 2019, na 5000 zilizofuata, mwendo huo unakuwa sawa mpaka 3600 bila shida kwa nyingi, na 3733 ao 3800 kwa zenye bahati. Ukipita hapo, proseseri inakata mwendo wa upande wake nusu, na mtu aliyelipa 4400 anapata mashini inayokawia kuliko ya 3600. Kwa Ryzen 7000 na DDR5, fasi nzuri ni 6000 CL30. Barete za 7200 ao 8000 ni feza ya kujionyesha.

Faida yenyewe inategemea kazi. Mwandishi wa Word hataiona hata kidogo. Montaji ya video inaiona kidogo. Michezo inaiona zaidi, mno sana kwa proseseri zisizo na karte grafike pembeni, kama Ryzen 5 3400G ao 5600G, juu picha yenyewe inatengenezwa kwa kutumia RAM ile ile. Kwa mashini hizo, barete mbili za 3200 ao 3600 pahali pa moja ya 2400 inaweza kubadilisha mchezo uliokuwa unakatakata ukawa unachezeka.

Mbili, na zilizotoka boksi moja

Kila mara nunua mbili. Barete mbili za giga 8 zinafungua njia mbili za data. Moja ya giga 16 inafungua njia moja. Kama karte mere ina fasi nne, chomeka ya pili na ya nne ukihesabia kutoka kwa proseseri. Kuko mafundi wanaoziweka ya kwanza na ya pili juu zinaonekana vizuri zikiwa pamoja, na mashini inabaki na njia moja.

Kujaza fasi zote nne kunachosha proseseri. AMD yenyewe inaandika kwa Ryzen 7000: barete mbili, 5200 rasmi, barete nne, 3600. Kwa hiyo anayewaza kuongeza mbili zingine kesho afazali angojee anunue mbili kubwa.

Na mbili hizo zitoke boksi moja. Kiwanda kilizijaribu pamoja. Barete ya jina moja na namba moja, iliyonunuliwa miezi sita kisha, inaweza kuwa na chipu za kiwanda kingine ndani, na XMP ikakataa. Wapenzi wa ovakloki wanatafuta DDR4 zenye chipu ya Samsung inayoitwa B-die, juu inavumilia volti na inakubali CL ya chini. Samsung ilianza kuiacha mu 2019, kwa hiyo leo inapatikana zaidi kwenye okazyo. Alama yake ni namba zilizo sawa: 3200 yenye 14-14-14-34 karibu kila mara ni B-die. Lakini chipu hiyo haipendi moto.

Moto, hapa, si wa fasi moja. Butembo ao Bukavu, mashini inapumua. Uvira, Kalemie ao Kindu, saa nane ya mchana, chumba chenyewe kimefika digri 30 na kitu, na barete iliyopita majaribio asubuhi inaanza kutoa makosa. Ikipita digri 85, vipimo vya JEDEC vinaomba chipu iburudishwe mara mbili zaidi, na mipangilio mikali inavunjika mbele ya hapo. Lile bati jekundu linasaidia kidogo. Ventilateri ya mbele ya boksi, iliyosafishwa vumbi, inasaidia zaidi.

Kujaribu ni kazi, si mapenzi

Mashini kuwaka na XMP si uhakikisho. RAM inayokosea mara moja kwa saa haizimi mashini. Inaandika herufi moja mbaya ndani ya fishiye, na fishiye inahifadhiwa hivyo. Kwa mchezaji, ni mchezo kufunga wenyewe. Kwa mtu wa studio mwenye video ya ndoa ya watu, ao mwenye kuweka hesabu za kikundi cha akiba, ni kitu kingine: picha zenye mistari, fishiye inayokataa kufunguka, na kopi ya akiba yenye kosa lile lile juu ilipita kwenye RAM ile ile. Ekra ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT ni onyo zuri, juu walau inaonekana.

MemTest86 na MemTest86+ zinaingia kwenye flashi na zinaanza mbele ya Windows. Ziache zizunguke mara nne kamili, usiku kama umeme unakubali. Kosa moja tu ni kosa, hakuna la kuvumilia. Likitokea, rudi mu BIOS, shusha 3600 iwe 3400 ao 3200, CL ibaki ile ile, jaribu tena. Usipandishe volti kupita ile iliyoandikwa kwenye etiketi juu ya kulazimisha. Mbele ya kulaumu barete, itoe, futa meno yake na gome safi, irudishe mpaka isikike ikifunga. Mu unyevu wa huku hilo peke yake linaponyesha barete nyingi. Rangi ya manjano ya meno hayo ni zahabu kweli, imepakwa nyembamba sana, na kinachoshikisha chipu ni bati, madini yanayotoka mu kasiterite kama ile ya Walikale. Wenye kusema barete imejaa koltani wanazidisha: tantali inatumiwa zaidi kwenye vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya saketi zingine.

BIOS ikikataa kabisa na ekra ikabaki nyeusi, mashini haijafa. Toa umeme, ondoa betri ya duara ya CR2032 kwenye karte mere, ngoja dakika chache, rudisha. Mipangilio inarudi ya kiwanda. Lakini kwa DDR5, hasa mashini za Ryzen 7000, ekra nyeusi ya kwanza inaweza kuendelea dakika kadhaa juu mashini inajifunza barete mpya. Mtu akishikwa na woga akazima, anaanzisha masomo upya. Umeme ukikatika katikati, vilevile.

Njo maana ondilere ndogo inafaa kuwa ya kwanza kwenye orodha ya kununua, zaidi kwa anayetaka kubadilisha BIOS: umeme ukikatika wakati BIOS inaandikwa, karte mere inaweza kufa na mwisho wake ni huo. Na kuibadilisha kunaombwa wakati mwingine. Mu 2023, proseseri kazaa za Ryzen 7000 ziliungua sababu karte mere zilipandisha mno volti ya upande wa SoC wakati EXPO imewashwa. AMD na wenye viwanda wakatoa BIOS mpya zinazozuia volti hiyo isipite 1.3. Anayenunua karte mere ya AM5 ya okazyo ahakikishe ina BIOS ya kisha hapo, mbele ya kugusa EXPO.

Bei

Tangu miezi ya mwisho ya 2025, bei za RAM zimepanda sana mu dunia nzima. Viwanda vikubwa vinavyotengeneza chipu, Samsung, SK hynix na Micron, vinapeleka nguvu kwenye kumbukumbu za mashini kubwa za akili bandia, juu huko njo kuko faida. Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuzia wateja wa kawaida RAM na SSD za jina lake la Crucial. Bei ikipanda hivyo, DDR4 ya okazyo inapata thamani, na etiketi za kubandika zinapata kazi pia.

Kwa hiyo omba muuzaji achomeke barete mbele yako na afungue CPU-Z, ukurasa wa SPD. Pale utaona jina la kiwanda, ukubwa, na profili ya XMP kama iko. Bati likisema 3600 na SPD ikiishia 2400 bila XMP, rudisha feza yako mfukoni. Omba pia facture yenye kuandikwa namba ya barete na siku za kuirudisha, juu garanti ya kiwanda ikiwa Dubai ao Ulaya haikusaidii kitu hapa, na AMD wala Intel hazilipi proseseri iliyoharibika kwa ovakloki, hata ile ya EXPO ao XMP. Siku tatu za kurudisha zinatosha: usiku mmoja wa MemTest, mchana mmoja wa kazi ya kawaida wakati wa joto, na siku moja ya kungojea umeme urudi.